Mahindi na Adui Zake Katika Nchi Yetu ya Ubaridi

Mwezi huu twataka kufundishana habari ya shamba. Wengine watasema, Habari za mahindi zina bwana shamba wake, mchungaji aziache. Twaomba wasikilize kwanza jambo lililotupata.

Katika vuli ya mwaka 2018 mama mmoja mjane, mkaaji wa upande wa Muleba, alitungoja mlangoni baada ya ibada. Mkononi alishika jani la muhindi lililotoboka-toboka. Akatuuliza, "Baba Mchungaji, ni wadudu gani hawa? Wamo moyoni mwa mihindi yangu." Sisi hatukuwajua. Lakini badala ya kusema hatujui, tulimjibu maneno mepesi. Tulimwambia ya kuwa ni majaribu, asali na kungoja. Hatukwenda kuliona shamba lake, ingawa ni mwendo wa nusu saa tu.

Baada ya majuma matatu tulikwenda, tukakuta mihindi mingi imeliwa moyo. Mama yule alikuwa amekopa fedha na kununua dawa iliyotiwa katika chupa ya soda, isiyo na karatasi ya maelezo. Alikuwa amenyunyiza mara mbili, na viwavi hawakufa. Msimu ule watoto wake walilishwa na majirani. Kusali kwake hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliomfundisha kungoja mahali palipohitaji macho na mikono. Kwa hiyo somo hili ni kama deni tunalolilipa.

1. Kwa nini tuyaangalie mahindi

Chakula cha wazee wetu ni ndizi. Mahindi yalikuwa kitu cha kuchoma motoni jioni, au cha watoto, wala mtu hakusema ameshiba asipokula ndizi. Lakini nyakati zimegeuka. Vibanja vimegawanywa kati ya wana na wajukuu hata vimekuwa vidogo. Tena, kuanzia miaka ya 2005 na 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana katika mkoa wetu wa Kagera, na Muleba ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kupigwa. Nyumba zilizokuwa hazinunui chakula zilianza kununua. Ndipo watu wengi walipoongeza mahindi na maharagwe katika mashamba yao.

Basi mtu akipoteza mahindi yake leo, hapotezi kitu cha kuchoma jioni tu. Pengine anapoteza chakula cha miezi mitatu, na ada ya shule pamoja nacho.

2. Nchi yetu ilivyo

Ziwa letu liko kama meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kamachumu ziko juu zaidi. Joto la Bukoba kwa wastani ni kama nyuzi 21, na mvua ya mwaka mmoja ni kama milimeta 2,000 karibu na ziwa, nayo hupungua kadiri mtu anavyokwenda magharibi. Kwa ajili ya ubaridi huu na mawingu mengi, muhindi wetu hukua polepole kuliko ule wa nchi za joto. Mbegu moja ikipandwa tambarare za joto na ikipandwa kwetu, ya kwetu hukaa shambani siku nyingi zaidi.

Watu wengi hulihesabu jambo hili kuwa hasara, na kweli lina hasara yake, maana muhindi ukaao sana shambani huliwa sana. Lakini ubaridi huwachelewesha wadudu nao. Kiwavi tutakayemwita kiwavijeshi vamizi, penye joto la nyuzi 28 hutoka katika yai hata kuwa nondo kwa muda wa siku 30 hivi. Penye baridi huchukua siku 60, hata 90. Sisi tuko katikati. Maana yake ni hii: ubaridi hutupa siku za kumwona adui angali mdogo. Aliye na macho huzitumia siku hizo. Asiyeangalia humwachia mdudu azitumie. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili, na yote yafuatayo yanalitegemea.

3. Mahali pa kupanda, na namna ya kupanda

Twajua aina tatu za ardhi yetu. Kibanja kina udongo mzuri, kwa sababu vizazi vingi vimetandaza majani na kumwaga samadi humo, lakini kina kivuli cha migomba. Panda humo mihindi michache tu, penye mwanga. Rweya ina nafasi na jua, lakini udongo wake ni maskini tena mchachu. Muhindi uliopandwa rweya bila samadi huwa wa njano na kimo kifupi, na mmea dhaifu hushindwa upesi na mdudu. Kikamba ndicho kinachofaa zaidi, ikiwa kimepewa samadi.

Panda mara mvua zinaposhika vema, katika vuli na katika masika, wala usichelewe. Anayepanda nyuma ya wenzake huwakaribisha nondo wote waliokua katika mashamba ya wenzake. Kwa hiyo yafaa majirani wapatane, wapande wote katika juma moja au mawili. Hapa wazee wa mtaa wanaweza kusaidia sana, maana wao husikilizwa.

Nafasi iwe sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Au sentimeta 60 kati ya mashimo, ikiwa mbegu ni mbili mbili. Tia samadi iliyooza katika kila shimo, uichanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu. Katikati ya mistari panda maharagwe. Yanaufunika udongo na kuulisha, tena huwatatiza nondo wanaotafuta mihindi. Palilia mara ya kwanza kabla ya majuma matatu kupita. Habari ya aina ya mbegu, muulize bwana shamba wa kata yako, maana mbegu ifaayo ukingoni mwa ziwa pengine haifai Kamachumu.

4. Adui, na alama zao

Mtu asiyemjua adui yake hupiga hewa. Tuwatazame mmoja mmoja.

Wa kwanza ni sota. Hukaa udongoni mchana, na usiku huukata mche mchanga karibu na ardhi. Asubuhi ukiona mche umelala kama uliokatwa kwa kisu, fukua udongo kando yake kwa kidole. Utamkuta amejikunja; mwue.

Wa pili ni bungua, yaani funza wa mabua. Wako wa aina nyingi, nao apendaye nchi za juu zenye ubaridi kama yetu ni yule ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Nondo wake hutaga mayai nyuma ya ala ya jani. Watoto wake hula kwanza moyoni mwa muhindi, na jani likifunguka huonyesha matundu madogo yaliyojipanga mstari. Kisha huingia ndani ya bua, na huko hakuna dawa ya kunyunyiza imfikiayo. Wakati wa kiangazi hulala katika mabua makavu akingoja mvua. Kwa hiyo mabua yaliyoachwa yamesimama shambani ni nyumba ya adui. Yakate, uwape ng'ombe, au uyalaze chini juani yakauke kabisa, au uyafukie katika shimo la mbolea.

Wa tatu ndiye aliyemtia hasara mama yule: kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Katika Afrika alionekana kwanza upande wa magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika Tanzania. Nondo wake aweza kuruka kilometa 100 kwa usiku mmoja. Msimchanganye na viwavijeshi wa zamani, wale wanaokuja kwa makundi makubwa, wakala majani ya malisho na nafaka, wakapita. Huyu hapiti. Hujificha moyoni mwa muhindi, akaziba mlango kwa kinyesi chake kilicho kama unga wa msumeno uliolowa.

Alama zake ni hizi. Juu ya uso ana mstari mweupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mayai yake huwekwa pamoja juu ya jani, 100 hata 200, yamefunikwa kama kwa manyoya ya rangi ya majivu. Watoto waliotoka sasa hivi hukwangua jani upande mmoja tu, likabaki kama kioo cha dirisha. Ukiona vioo hivyo, shukuru, maana umewahi. Ukiona matundu makubwa yenye kingo zilizoraruka, kiwavi amekwisha kuwa mkubwa. Na sehemu kubwa ya chakula anachokula maishani mwake hukila katika siku zake za mwisho za ukiwavi.

Wa nne si mdudu bali ni ugonjwa, nao ni ugonjwa wa milia. Majani huwa na mistari myembamba ya njano kufuata urefu wake, na muhindi hudumaa. Wadudu wadogo warukao ndio wanaouchukua kutoka mmea hata mmea. Hauna dawa. Ng'oa mihindi iliyougua mapema, panda wakati wake, na msimu ufuatao badilisha zao, weka maharagwe au viazi vitamu.

5. Kazi ya siku mbili katika juma

Chagueni siku mbili, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi. Tangu mche utokeze mpaka utoe mbelewele, ingia shambani asubuhi na mapema katika siku hizo. Usitazame kutoka njiani. Simama mahali patano, si pembeni tu bali na katikati, na kila mahali uchungulie moyo wa mihindi kumi. Hiyo ni mihindi hamsini.

Ukikuta mayai, yasage kwa vidole. Ukikuta kiwavi, mtoe umwue. Kama viwavi ni wadogo na wamezama moyoni, tia humo konzi ndogo ya majivu makavu, au mchanga, au udongo mkavu. Wakulima wadogo wa Amerika ya Kati, ambako mdudu huyu amekaa miaka mingi, wametumia njia hii. Watoto wakirudi kutoka shule wanaweza kusaidia kwa kopo lenye maji ya sabuni, wakitupia viwavi ndani. Kuku nao watawafurahia wale ambao hawakutiwa sabuni.

Tena msiwaue rafiki zenu. Siafu na sisimizi wengine hula viwavi na mayai. Wako manyigu wadogo sana, wasioonekana vema kwa macho, watagao ndani ya mayai ya nondo na ndani ya viwavi. Ndege nao hula. Hawa wote ni vibarua wasiodai mshahara.

6. Habari ya dawa

Hatusemi kwamba dawa ni haramu. Twasema ya kuwa dawa ni ya mwisho, wala si ya kwanza. Kama muhindi ni mchanga, na katika mihindi hamsini uliyoitazama kumi au zaidi ina viwavi, na kuokota hakutoshi, hapo umwite bwana shamba mshauriane.

Shikeni mambo manne. La kwanza, usinunue kamwe dawa iliyomiminwa katika chupa nyingine. Hujui ni nini, hujui kipimo chake, na mtoto mwenye kiu hajui ya kuwa si soda. La pili, dawa isiyomfikia kiwavi haimwui. Aliyezama nyuma ya kinyesi chake hana hofu; nyunyiza viwavi wangali wadogo, asubuhi sana au jioni, ukielekeza moyoni mwa muhindi. La tatu, funika pua na mdomo, vaa nguo ndefu na viatu, usipingane na upepo, kisha uoge. Hesabu siku zilizoandikwa juu ya karatasi ya dawa kabla ya kuvuna. La nne, usirudie dawa ile ile kila mara, maana wanaobaki hai huzaa watoto wasioiogopa.

Tukumbuke pia senene. Hapana nyumba kwetu isiyowangojea mwezi wa Novemba na Desemba. Wao nao ni wadudu, na huketi katika majani ya mashamba yale yale tunayoyanyunyiza. Sumu tuliyoitupa ovyo aweza kuirudisha mtoto wetu katika kikapu chake. Na nyuki wanaokwenda kwenye kahawa na maharagwe yetu hufa kwa sumu ile ile.

7. Kusukuma na kuvuta

Ng'ambo ya ziwa hili hili, huko Mbita upande wa Kenya, kipo kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wake pamoja na wenzao wa Uingereza wamefundisha njia moja nzuri. Katikati ya mistari ya mihindi hupandwa mmea utambaao uitwao desmodi, ambao harufu yake huwafukuza nondo. Kulizunguka shamba hupandwa majani ya mabingobingo au ya jamii ya brakaria, ambayo huwavuta nondo watage huko, na watoto wao wengi hawakui humo. Basi adui husukumwa kutoka ndani na kuvutwa kwenda nje.

Njia hii ilianzishwa kwa ajili ya bungua, lakini mwaka 2018 wataalamu waliandika ya kuwa katika mashamba ya namna hii viwavijeshi vamizi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Tena desmodi huzuia kiduha, lile gugu linyonyalo mizizi ya mahindi. Na majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe hutoa samadi, na samadi hurudi kibanjani. Mzunguko huo wazee wetu waliujua kabla yetu. Mwenye shamba dogo aweza kuanza na kipande kidogo, huku akitafuta mbegu kwa msaada wa bwana shamba.

8. Ghalani

Wengine hushinda shambani wakashindwa nyumbani. Mahindi yetu mara nyingi hukomaa mvua ingali ikinyesha, na punje yenye maji huota ukungu. Kuna ukungu utoao sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kupika. Mwaka 2016 sumu kama hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Usiwape watu mahindi yaliyoota ukungu, wala mifugo.

Kaushieni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, funga, utikise sana, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana maji bado, isipoganda, yamekauka.

Fukusi na dumuzi huwangojea ghalani. Dumuzi ni mgeni naye. Alitoka Amerika akaonekana kwanza Tabora, na mwaka 1981 habari zake zilikuwa zimekwisha tangazwa. Ondoeni mahindi ya zamani, fagieni ghala, wala msichanganye mapya na ya zamani. Mifuko isiyopitisha hewa ni njema, maana mdudu aliyefungiwa humo hufa kwa kukosa pumzi, bila sumu yoyote. Lakini mahindi yawe makavu kwanza.

9. Mwisho

Katika masika ya mwaka 2019 tulikwenda tena kwa mama yule, safari hii kabla hajatuita. Alikuwa amepatana na majirani wake wanne kupanda juma moja. Tulimkuta shambani na watoto wake, kila mmoja ana kopo. Alituonyesha vidole vyake vilivyokuwa vya kijani kwa kusaga mayai, akasema, "Baba, hawa wadogo hawana nguvu. Mwaka jana nilikuwa nangoja wakue." Hakuvuna yote, sehemu nyingine ililiwa. Lakini nyumba yake ilikula mahindi yake mwenyewe mpaka vuli.

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu ambaye hajui jibu na aseme, Sijui, twende tukaone. Tungalisema hivyo mwaka 2018, mama yule asingalikopa.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini ubaridi wa nchi yetu ni hasara, na kwa nini ni faida?
2. Taja alama mbili za kiwavijeshi vamizi. Je, wawili kati yenu wameziona kwa macho yao?
3. Mabua ya msimu uliopita yako wapi sasa katika mashamba yenu?
4. Ni nani katika mtaa wenu, mjane au mzee, asiyeweza kulikagua shamba lake mwenyewe? Nani atakwenda Jumatatu, na nani Alhamisi?
5. Fanyeni jaribio la chumvi kwa mahindi ya nyumba moja, mwelezane mlichoona.